Mama wa mwimbaji wangu

Jumanne

Nimemwambia. Nimemwambia mama kwamba sikutuma maombi ya chuo cha uuguzi na muda umepita, na bado niko hai.

Nilimkuta akipiga pasi sare yake ya kazi. Nikaanza na yule mwimbaji wangu wa Uingereza, kwa sababu mambo yangu mwenyewe, hata hizi nyimbo ninazotunga, huwa siwezi kuyasema. Nikamweleza kwamba kampuni ya muziki ilimwacha baada ya albamu ya kwanza, akauza maua miaka mitatu, kisha akarekodi ya pili jikoni kwake, na hiyo ndiyo watu wanayoipenda.

Mama hakuinua kichwa. "Na mama yake alisema nini?"

Miaka minne namsikiliza, na sijawahi kujiuliza.

"Sijui, mama."

"Mimi najua. Alisema, nenda kauze maua." Akacheka peke yake, akazima pasi. "Haya, niimbie wimbo mmoja. Wako, si wa huyo mzungu."

Niliimba nikiitazama friji, nimempa mgongo. Sauti ilitetemeka mpaka kwenye kiitikio. Nilipogeuka alikuwa anafunga vifungo vya sare, nikadhani...

"Nakupa mwaka mmoja," akasema. "Na kazi utafute. Mwakani unaomba chuo."

Hiyo mwakani bado inanitisha. Lakini leo nimekula chakula chote, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu tumalize shule.

Alipokuwa anatoka kuwahi basi la kwenda kazini kwake, Etobicoke, alirudisha kichwa mlangoni. "Kesho uniimbie tena. Ila ugeuke, mwanangu, nikuone."

Nitajaribu. Labda nikifumba macho.