Taa Ulizosema Umeziona Peke Yako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Matanga yako yamekwisha salama, na lipo jambo ambalo ulistahili kulisikia mwenyewe.

Unakumbuka enzi zile kambi ya Benaco ilipojaa wakimbizi hadi kuni zikaisha milimani kwetu. Mimi nilikuwa nimekuja kwako kujifungua. Konsolata, mkimbizi aliyekuwa akitusaidia kupalilia maharage, ulimlaza kwetu kwa siri kwa sababu kambini hakuwa na ndugu hata mmoja. Wakimbizi hawakuruhusiwa kulala nje ya kambi. Jioni moja wewe naye mlirudi kutoka mtoni mnahema wote wawili: mmeona taa nyeupe zimesimama juu ya mlima, hazina mlio, kisha zikapanda na kupotea. Baba alikukataza kusema. Wewe ukaenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi, eti mpaka uko karibu na watu wana watoto, lazima waonywe.

Wanajeshi wakaja kuchunguza. Walipekua hadi jikoni, lakini chumbani ukawazuia mlangoni.

"Humo kuna mzazi, afande. Hata wiki hajamaliza."

Wakaheshimu. Konsolata alikuwa ameketi kitandani kwangu, amempakata mwanangu. Kupitia pazia tulisikia kila neno.

"Mama, nani mwingine aliziona?"

Ukajibu, "Peke yangu."

"Ulikuwa umekunywa?"

Wewe, ambaye hata rubisi ya harusi, ile pombe ya ndizi, uliionja kwa adabu tu. Nilitaka kutoka nimjibu, Konsolata akanishika mkono. Afande akaamua kwamba uliona taa za malori ya chakula. Uliponiletea uji ulisema, "Sijawahi kuona lori linapita mawinguni," ukacheka.

Wenzako nao walicheka, ila hawakuacha. Kijiji kizima kikakuita Mama Malori, hata kanisani. Iliniuma sana, mama. Konsolata aliporudi kwao bado ulinikataza kumtaja, maana tungeulizwa kwa nini tulimficha.

Juzi tukiwa msibani aliingia mwanamke mwenye mvi, amevuka mpaka asubuhi hiyo. Akaomba kusema.

"Mimi ni Konsolata. Zile taa tuliziona wawili. Mama huyu alikubali kuchekwa ili mimi nisichukuliwe."

Hakuna aliyecheka. Baba aliinuka, akampa kiti chako.

Tangu hapo sijasikia mtu akikutaja ila kwa jina la Mama Paskazia.

Lala vyema, mama.

Mwanao,
Paskazia