Ukuta wa Mashine ya Mishamo

Kasokola

Mjukuu wangu Neema,

Huku hatujambo. Bibi yako anapukuchua mahindi, na goti lake limetulia.

Umeniuliza kwa nini watu wanaziba mlango wa zahanati mpya ya Ilembo kwa magari yao wakati maegesho uliyoyachora yana nafasi tele. Magari siyajui. Baiskeli nazijua.

Nilipokuwa kijana, mashine ya kusaga kule Mishamo ilikuwa na uwanja mpana mbele, umefagiliwa kwa ajili ya baiskeli. Ulikaa mtupu. Baiskeli yenye gunia la mahindi haisimami kwa stendi, inaanguka, kwa hiyo sote tuliziegemeza ukutani. Mama yangu alikuwa haoni, na ukuta huohuo ndio aliokuwa anaupapasa mpaka mlangoni. Siku moja nilimkuta amesimama tu juani, mkono wake uko juu ya gunia la mtu.

Mwenye mashine hakugombeza mtu. Alifunga miti ya kuegemezea kule uwanjani. Wiki iliyofuata mama alipapasa ukuta hadi mlangoni bila kusimama, akaniuliza, "Kwani leo hakuna watu?"

Tulikuwa tumejaa.

Ni mimi babu yako.