Freni ya Mashindano

Runingu, tarehe 9 mwezi wa tatu 1964

Azarias mutoto wangu,

Uko muzima? Siye tuko bazima. Kikohozi changu kilienda, kile cha shangazi yako Bernardine kingali. Claire, binti ya mwalimu wa kanisa, njo anaandika; minye ninasema tu.

Pétronille, ule anauzaka samaki huko Usumbura, aliniambia unataka kutoa freni, ile breki, ya gari ndogo ya Bwana Étienne mwenye garaji yenu, utie ingine ya mashindano. Ya nini? Siku ya Noeli ulinipandisha ndani, mbuzi ikapita, ukasimama, kichwa changu kikapiga kioo. Ilisimama sana! Na ile mbuzi ilikuwa ya jirani yetu Bonaventure, hata pole hakusema.

Ngombe wetu Bihogo atazaa mwezi wa ine. Unajua kwetu: mutoto mwanaume wa nyumba njo anakunywa maziwa ya kwanza na kumupa ndama jina. Mwanaume uko weye peke yako. Kuya nyumbani.

Mama yako,
Mukabera

Usumbura, tarehe 17 mwezi wa tatu 1964

Mama, jambo yako,

Niko muzima, mikono tu inanuka mafuta. Salimia shangazi.

Kwa barabara uko na haki: freni ya zamani inatosha kabisa. Lakini kwa mashindano ya Pasaka tutazunguka mara makumi mbili, kila kona unafinya freni. Freni ya zamani inashika moto, inatoa moshi, kiisha inakataa. Mguu unaenda mpaka chini bure. Hii mupya inapenda moto. Ubaya wake ni moja: ikiwa baridi haishiki vizuri. Mashindano ikiisha nitarudisha ya zamani, ni kazi ya siku mbili, halafu nitakuya.

Mutoto wako,
Azarias

Runingu, tarehe 9 mwezi wa ine 1964

Azari wangu,

Amani kwako. Mugongo unaniuma, lakini ni mvua tu.

Banasema ulikuwa wa pili. Kuzunguka mara makumi mbili na kurudi pale pale ulitoka, banakupigia mikono! Sawa, ninafurahi.

Ndama alitoka jana, mwanamuke, na doa nyeupe ku paji. Maziwa ya kwanza haingojake. Acha ile kazi ya siku mbili ya kurudisha freni, barabara ni tambarare, hakuna kona. Kuya siku ya mungu asubui.

Kitu kingine: basoda ba serikali baliweka barière ku muto, juu ya vijana ba bonde banaanza fujo. Ni miti mbili na kamba. Utasimama, utasalimia, utapita.

Mama yako

Runingu, tarehe 26 mwezi wa ine 1964

Azarias,

Uko muzima? Hii ni barua ya tatu tangu ile siku ya mungu. Ile mbili Pétronille alirudi nayo. Ku garaji habajakuona.

Nilienda ku barière. Musoda mumoja, mutu muzima, alisema nami bila kasirani. "Mama, tulinyosha mukono. Tulimuona anafinya, mwili yote inainama. Gari iliendelea tu kukuya."

Ilikata kamba, ikasimama hatua kumi na mbili mbele. Nilihesabu na miguu yangu. Balipiga bunduki. Anasema ulifungua mulango, ukaingia mu matete upande wa muto Ruzizi. Balifuata kidogo, bakakuta damu, hapana mingi. Ni yeye alisema hapana mingi.

Gari ingali pale. Kuku ya Bonaventure inataga ndani.

Minye njo nilisema uache ile kazi ya siku mbili. Claire ananiuliza kama aandike hiyo. Andika, Claire.

Maziwa iliganda, niliimwanga ku mulango. Ndama ananyonya vizuri. Batu banauliza jina yake, ninabajibu mwenye kumupa jina iko njiani.

Ukipata hii, kuya na miguu.

Mama yako