Msumari wa Juu ya Tangi

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Nimepanda tangi mara mbili. Ngazi inatikisika, magoti yanauma. Maji hayajapandishwa humu tangu Wazungu wa mradi wa karanga walipoondoka, lakini mlinzi bado nipo, kwa sababu wapima ardhi wanalitaka. Juu ya paa kuna msumari wa shaba. Wanaulenga kwa darubini kutoka mbali, kisha kila kitu kinapimwa kuanzia hapo. Nimeshika bendera penye msumari mpaka adhuhuri. Hata ahsante sikupewa.

Alhamisi, 6 Agosti
Wanapima mpaka wa shamba jipya la mkonge, kule kijijini Ziwani kwa mama. Sina wasiwasi. Ramani ya awali niliiona kwa karani wao: kisima chetu kinabaki upande wetu, hatua tatu kutoka mpakani. Baba alikichimba kwa mikono yake. Kiangazi kama hiki majirani wote wanateka hapo.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimetoka msikitini nikapitia kwa mama. Jiwe la mpaka la saruji limesimama upande huu wa kisima. Kisima kimekwenda kwenye mkonge. Kwa hatua moja tu. Karani anasema darubini haikosei.

Jumamosi, 8 Agosti
Sijala. Nimejua.
Mwaka jana tangi lilipopakwa rangi, fundi alilalamika msumari unamkwaza. Nikaung'oa. Rangi ilipokauka nikaupigilia karibu na ngazi, hatua nne kutoka pale, upande wa Ziwani. Na mpaka umesogea hatua zilezile nne. Sikumwambia mtu. La kusema lilikuwa nini? Kwetu mti wa mnyaa wa mpaka ukifa, unapanda mwingine pembeni, jirani anaona, mnaendelea kulima. Hakuna anayegombea hatua nne. Nilidhani na wao wako hivyo. Mjinga mimi.

Jumanne, 11 Agosti
Nimekwenda kukiri. Karani kanitazama kama mwizi. Bwana Mpima, Mzungu mkubwa wao, alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo.
"Ramani kwisha piga muhuri. Tangi iko sawa. Wewe nyamaza tu."
Nikamwomba apande aone tundu la zamani. Hakupanda. Akirudia kazi itajulikana kwamba hakukagua. Namchukia. Najichukia zaidi.

Alhamisi, 13 Agosti
Nimepanda na nyundo, nikaurudisha msumari mahali pake. Kisha nikakaa juu kuangalia upande wa Ziwani. Sijui nilitegemea nini. Hakuna kilichosogea.

Jumatano, 19 Agosti
Seng'enge imefungwa. Mikorosho mitatu nayo imekwenda, lakini mama hata haitaji. Analilia kisima. Anawalaani wapimaji wote, kasoro mimi.
"Wangekupa wewe hiyo darubini, mwanangu, haya yasingetupata."
Nimekunywa uji wake, nikaaga. Mwoga.

Jumapili, 23 Agosti
Maji sasa ni bondeni. Kwenda na kurudi, asubuhi yote imekwisha. Majirani wawili wanazungumzia kuhamia Kilambo, karibu na mto. Mama hataki kusikia. Baba amezikwa hapa.

Jumapili, 30 Agosti
Nimemwambia. Tulikuwa tunatoka bondeni, yeye na mtungi kichwani, mimi na madebe mawili. Nikasema yote, msumari, rangi, ngazi. Hakusimama. Hakugeuka. Tulipofika alitua mtungi, akanimiminia maji kidogo ya kunawa, kama anavyomfanyia mgeni. Akaingia ndani, akafunga mlango.
Nikanawa. Nikakaa barazani mpaka alasiri. Hakufungua.