Karanga za Baba

Mama Anjela mpenzi,

Salamu ziwafikie hapo nyumbani Chala, wewe na mwanetu, na mama yangu umpigie magoti kwa niaba yangu: shikamoo mama. Je, baridi imepungua, au bado mnaota moto mpaka jua lipande? Kifua cha mama kinaendeleaje? Mimi mwili mzima, kazi ipo, na joto la Dar ni lilelile. Moyo ndio si mzima, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Simu unaiweka sauti ya juu ili mama naye asikie, na haya nataka uyasome peke yako kwanza.

Utashangaa ndoo ya vyakula uliyonitumia imerudi na uzi uliofungia mfuniko haujakatwa. Usidhani nimekasirika.

Unajua hapa kiwandani kazi yangu ni kukunja kurasa na kushona vitabu. Vingi hupita mikononi nisijue vinasema nini. Sasa tunashona kitabu cha familia, cha afya na chakula: kwa nini maji yachemshwe, unga ukikobolewa sana unapoteza nini, mtoto alishwe nini. Mchana tukila, dada Mwanaidi, ninayekaa naye meza moja, hutusomea kwa sauti. Siku moja tulikuwa tunamalizia maharage yako ya ndoo iliyopita. Unajua ninavyojigamba nayo. Hapa wakisikia natoka upande wa Sumbawanga wananitania uchawi, nami huwajibu kwa maharage na samaki wetu wa ziwani, migebuka. Wakishaonja hunyamaza.

Mwanaidi akasoma kwamba nguo ya mwaka jana ikimtosha mtoto vilevile, wazazi wasifurahi, wampeleke akapimwe. Wenzangu wakaendelea kutafuna. Mimi niliacha kutafuna. Nilikumbuka Krismasi, lile sweta jekundu la Anjela. Nilikuwa nimelileta Krismasi ya kabla yake, na bado lilimkaa sawasawa. Nilimwinua mbele ya watu nikasema, "Mnaona? Mimi najua kuchagua nguo!" Ukacheka, mama akacheka. Na nywele zake zilizoanza kuwa nyepesi na nyekundu nikazitania kuwa za kizungu.

Mwanaidi akafunga kitabu. "Baba Anjela, kwa vyakula hivi mwanao lazima awe jitu! Hebu tumwone."

Nikampa simu aone picha ya Krismasi. Akaangalia, kisha akauliza, "Ana mwaka na nusu?"

Mke wangu, Anjela anaingia mwaka wa nne. Nikasema, "Picha ya zamani hiyo." Ulimi haukusita hata kidogo. Nilimkana mwanangu mezani, na mdomoni nina chakula chake. Mpaka leo sijamwambia Mwanaidi ukweli.

Ningepata nafuu kama ningekuwa na mchawi wa kumsingizia. Mchawi ni ndoo hii. Mimi ndiye niliyeituma mara ya kwanza, na sabuni na sukari. Wewe umelelewa kama mimi, kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu, ukaijaza maharage, karanga na migebuka ya Kasanga. Mimi nikaona nikikaa nayo nitaonekana sina adabu, nikairudisha na kitenge. Ukaijaza tena. Adabu juu ya adabu, na katikati yetu mtoto anashiba ugali na mboga zisizoungwa. Tumbo linajaa, mwili haujengwi. Sweta lilikuwa linatuambia.

Usijilaumu. Uliwahi kunidokeza, "Baba Anjela, maharage mwaka huu si mengi," nami nikajibu, "Basi nipunguzie kidogo." Nipunguzie! Nilishindwa nini kusema usilete?

Kinachoniuma zaidi ni siku ile naondoka. Ulikuwa unafunga ndoo, Anjela akatia mkono akachota karanga. Ukamgonga vidole, "Acha, hizo za baba." Akazirudisha moja moja. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, nikajiona mwanamume anayeheshimiwa nyumbani kwake. Nikikumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu.

Sasa nakuomba, mpeleke zahanati akapimwe urefu na uzito. Mama atasema watoto wa kike hukua taratibu. Usibishane naye, mwambie mimi ndiye niliyetaka. Muuguzi akuelekeze la kufanya, maana mimi nimesikia ukurasa mmoja tu. Mayai ya yule kuku wa madoa yasiende sokoni tena. Kitabu chenyewe nimekifunga kwa nje ya ndoo. Msimamizi wa hapa kiwandani amenipa nakala iliyokunjwa vibaya. Sijui kama tumechelewa. Hilo ndilo linaloninyima raha, na sina wa kumuuliza hapa bila kujitaja.

Nisalimie msimamizi wa ubatizo wa Anjela, mama Skola, na shemeji Kalist, kaka yako anayehangaika na mzigo wetu pale stendi. Mwambie asinipelekee tena kitu kwenye basi. Ndoo baki nayo, chotea maji. Safari hii nitakuwa mtu asiye na adabu, na watu waseme.

Ukikata uzi, mwite Anjela kwanza. Mwache atie mkono mwenyewe kwenye karanga. Akisita akakutazama usoni, mwambie, "Baba amesema hizi ni zako."

Mumeo mwenye haya,
Deo, Baba Anjela