Bunduki Juu ya Meza ya Chakula

Baba Isimbi,

Maharagwe yako kwenye jiko, yapashe moto. Mama yako hajala.

Umetia springi mpya kwenye ile bunduki yako kuukuu ya upepo, ukaiacha mezani ukaenda kazini! Mimi najua ni ya kulengea makopo. Yeye angejuaje? Asubuhi nimemkuta amejificha nyuma ya mashine ya kufulia. Ameniuliza, "Wale wa vita wametufuata mpaka huku Ulaya?"

Haya. ~~Uziuze zote.~~ Bunduki zako zote zipeleke gereji, na grisi yako, kisha uketi naye umweleze wewe mwenyewe. Mimi nimeeleza nimechoka, na gari la kazini linanipigia honi. Isimbi yuko naye.

Usinipigie simu leo. Nina hasira.

Mama yako amevaa viatu, amefunga mzigo, anangoja tukimbie.

Mama Isimbi