Kikohozi cha Baba

Moshi, Jumamosi, baada ya isha

Nimesukutua mdomo tena na tena, bado nasikia kinyaa.

Bwana wa redio aliyekuja kutoka Dar na mashine yake ya kunasa sauti alinisikiliza nikiimba wimbo wangu mwenyewe mpaka mwisho, halafu akasema, "Vizuri, kijana. Sasa tukoholee kidogo mwanzoni, kama baba yako. Wasikilizaji wanakipenda sana kile kikohozi."

Kutoka hapa mpaka Kwa Sadala walevi wa mbege wanakiigiza kikohozi cha baba kinachofungua kila wimbo kwenye santuri zake, wanacheka. Hawajui kwamba siku hizi kinamtoa damu, na kopo lake namwaga mimi.

Nikakohoa. Redio nimeitamani tangu nikivaa kaptula. Yule bwana akaniahidi kipindi kila wiki.

Niliporudi nyumbani baba hata hakuitikia shikamoo yangu.

"Wamekutaka ukohoe?"

"Ndiyo, baba."

"Hebu kohoa nisikie."

Nikakohoa pale kando ya kitanda. Akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Cha kwangu kinaanzia chini zaidi," akasema. Kisha akanionyesha, nami nikakimbilia kopo.